Simu Inayotoka Kendwa Ipite Wapi?

Adapta ya simu ya intaneti, kile kisanduku chenye tundu la waya wa intaneti upande mmoja na tundu la simu ya mezani upande wa pili, hufika Unguja ikiwa imefundishwa nambari za Marekani. Chukua vifaa vya ukoo wa Sipura, kampuni iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2005, kisha bidhaa zake zikauzwa kwa jina la Linksys: PAP2, SPA2102, SPA3102. Ndani ya kila kimoja mna mstari mmoja wa alama na tarakimu unaoamua nambari gani ipite na gani ikataliwe. Mstari wa kiwandani unaitambua 911, unatambua nambari ya mtaa yenye tarakimu saba, unatambua 1 ikifuatwa na tarakimu kumi, na mwisho unapokea nambari yoyote ndefu ya tarakimu 11 au zaidi. Nambari ya mkononi ya Tanzania, 0777 na sita zake za nyuma, ina tarakimu kumi. Kwa hiyo haimo. Mwenye nyumba ya wageni Kendwa anainua simu, anabonyeza nambari ya dereva wake, anangoja sekunde kumi, anasikia mlio wa kukataliwa, na anaamua kwamba intaneti ni mbovu. Intaneti ni nzima. Kifaa hakijaambiwa kiko nchi gani.

Kuandika upya mstari huo huonekana kazi ya fundi ya nusu saa, ikishafanywa imekwisha. Mimi naiona kubwa zaidi. Ndani ya mstari huo mna maamuzi ya fedha, ya usalama na ya heshima kwa mgeni, na maamuzi hayo kwa Unguja hayafanani na yale yanayoelezwa kwenye maelekezo ya vifaa hivi. Maelekezo hudhani kwamba simu zote zitoke kwa intaneti kwa sababu intaneti ni rahisi. Huku ukweli umegawanyika: simu ya nje ndiyo iende kwa intaneti, simu ya ndani ya nchi iende kwa laini ya nchini, na simu ya dharura isiguse intaneti kabisa.

Kwanza kazi yenyewe. Adapta hupokea tarakimu moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na mstari wake. Tarakimu zikifanana na kanuni isiyoweza kurefuka, simu inaondoka papo hapo. Zikiwa bado zinaweza kuwa mwanzo wa nambari ndefu zaidi, kifaa kinangoja. Kwenye ukoo wa Sipura saa za kungoja ni mbili: sekunde kumi nambari ikiwa bado haijatimia, sekunde tatu ikiwa imetimia lakini inaweza kuendelea. Mtu asiyejua hilo hulalamika kwamba simu "inachelewa kushika", na dawa yake ni kuandika kanuni zenye urefu kamili kila inapowezekana. Zaidi ya kuchuja, mstari huo hubadilisha tarakimu: unaweza kuondoa sifuri ya mwanzo na kuweka 255 mahali pake, kwa kuwa kampuni nyingi zinazopokea simu kwa itifaki ya SIP hutaka nambari kamili ya kimataifa, ile isiyozidi tarakimu 15. Na kwenye SPA3102, ambayo kama HT813 ya Grandstream ina tundu la kupokea laini ya nje, mstari huohuo huchagua njia: nambari hii itoke kwa laini, ile itoke kwa intaneti. Vifaa vya OBi vya kampuni ya Obihai vilitenganisha kazi hizi mbili, orodha ya nambari ikae mahali pake na orodha ya njia mahali pake, vikampa mpigaji pia uwezo wa kuchagua mwenyewe kwa kubonyeza nyota mbili kisha 1 au 2 kabla ya nambari. Uwezo huo unamfaa mwenye nyumba. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hafai kubebeshwa kazi ya kukumbuka nyota ngapi zinakwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi tuliyonunulia kifaa.

Sasa nambari za hapa. Zanzibar ina nambari ya eneo ya 024, kama Dar es Salaam ilivyo na 022. Baada ya 024 huja tarakimu saba. Simu nyingi za mezani za Mjini huanza na 223, na mahoteli ya kaskazini, Nungwi na Kendwa, yamezoeleka kwa 224. Simu za mkononi huanza na 06 au 07 na kufikisha tarakimu kumi. Nambari za bure huanza na 0800. Dharura ni 112, zimamoto 114. Nje ya nchi hutangulizwa 000, si 00 kama Ulaya wala 011 kama Marekani. Halafu lipo jambo ambalo mashine ya kigeni haiwezi kulikisia: majirani wa Afrika Mashariki wana njia yao ya mkato. Kutoka Tanzania, Kenya ni 005 na Uganda ni 006. Kutoka Kenya, Tanzania ni 007. Kwa kifaa cha SPA3102 chenye laini ya nchini kwenye tundu lake la pili, mstari wa Kendwa unaweza kuandikwa hivi:

(11[24]S0<:@gw0>|<:024>2xxxxxxS0<:@gw0>|0[2-8]xxxxxxxxS0<:@gw0>|<000:>[1-9]xxxxxxx.|<005:254>[1-9]xxxxxxxx|<006:256>[1-9]xxxxxxxx)

Usomwe taratibu. Kila kipande kimetengwa na kijistari cha wima. S0 ni amri ya kutongoja. @gw0 ni amri ya kutoka kwa laini. Cha kwanza kinatoa 112 na 114 kwa laini mara moja. Cha pili kinapokea tarakimu saba zilizozoeleka na watu wa simu za mezani, kikaongeza 024 mbele, kwa sababu laini hiyo ya nchini ikiwa ya simu ya mkononi haitaielewa nambari fupi. Cha tatu kinachukua simu zote za ndani, za mezani, za mkononi na za bure. Vitatu vya mwisho havina @gw0, basi vinakwenda kwa intaneti: 000 inaondolewa, 005 inageuka 254, 006 inageuka 256. Mstari huu haukopi kitu kutoka wa kiwandani, na sioni sababu ya kuubakiza wa kiwandani hata kipande.

Hata hivyo Kendwa ni kijiji cha ufuko, na simu ya mapokezi haipigwi na Waunguja peke yao. Mgeni wa Ulaya mkono wake umezoea 00. Atabonyeza 0039 kwa Italia, 0044 kwa Uingereza, na mstari wa hapo juu utamkatalia, kwa kuwa baada ya 00 unangoja 0, 5 au 6 tu. Ni rahisi kuongeza kipande cha <00:>[1-4789]xxxxxxx. kinachopokea mazoea ya Ulaya, na ndani yake zinaingia Italia, Uingereza, Ujerumani, Urusi, hata Oman kwa 00968. Tarakimu 5 na 6 zimeachwa kwa makusudi. Anayepiga 0055 akiitaka Brazili angegongana na 005 ya Kenya. Anayepiga 0061 akiitaka Australia angegongana na 006 ya Uganda. Hao wachache waelekezwe kutumia 000. Mtu akiniuliza kwa nini tusifute 005 na 006, maana wengi siku hizi huandika +254 kwenye simu zao za mkononi, nitajibu kwamba simu ya mezani haina kitufe cha kujumlisha, na wazee waliokwisha kuzoea kuwapigia ndugu zao Mombasa kwa 005 wana haki ya kuikuta pale walipoiacha.

Italia inahitaji neno lake, kwa kuwa Waitalia ni wageni wa zamani wa ufuko huu. Karibu nchi zote zinazotumia sifuri mbele ya nambari ya eneo huiondoa simu inapotoka nje: London ni 020 kwa aliye Uingereza, na ni 44 20 kwa aliye Zanzibar. Tangu mwaka 1998 Italia haiondoi. Roma ni 06 ndani na ni 39 06 kutoka nje, sifuri mahali pake. Fundi anayejitia wema akaandika kanuni ya kufuta sifuri yoyote inayofuata msimbo wa nchi, akidhani anawasaidia wanaosahau, atakuwa amezifungia simu za mezani za Italia nzima, na simu za mkononi zitaendelea kupita kwa sababu zinaanza na 3. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua: simu moja inakwenda, nyingine haiendi, nchi ni ileile. Kanuni iondoe 000 au 00, ikomee hapo.

Tuje kwenye fedha, na hapa ndipo naachana kabisa na wanaosema intaneti ni rahisi kwa kila simu. Kampuni ya simu za intaneti iliyoko Ulaya au Marekani inauza dakika ya kupiga Roma au London kwa bei ndogo sana. Dakika ya kupiga simu ya mkononi ya Tanzania ni ghali kwao mara nyingi zaidi, maana simu inayoingia nchini kutoka nje hulipiwa kwa utaratibu wa kimataifa. Mwaka 2013 serikali ilizindua mtambo wa kufuatilia mawasiliano ya simu, TTMS, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na simu hizo zinazoingia zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuujenga. Kwa hiyo mtu wa Kendwa anayempigia muuza samaki wa Nungwi kupitia kampuni ya nje amelipia simu ya kimataifa ili kufika kilomita chache tu, sauti yake imekwenda Ulaya ikarudi, na yule wa Nungwi huenda akaona kwenye skrini nambari ya kigeni asiyoijua akaacha kuipokea.

Ndani ya nchi kwenyewe hesabu imebadilika, na wengi wanaoandika kanuni bado wanafuata hesabu ya zamani. Palikuwa na wakati ambapo mtu wa Unguja alikuwa na laini mbili au tatu, moja kwa kila mtandao, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Fundi hodari aliandika kanuni kwa kila mwanzo wa nambari: 077 ya Zantel itoke huku, 075 ya Vodacom itoke kule. Mambo mawili yameiondolea kazi hiyo maana. La kwanza ni gharama ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokezana simu. Kwa maelekezo ya TCRA ilishuka kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na 2.00 mwaka 2022. Vifurushi vya mitandao yote vikawa jambo la kawaida. La pili ni huduma ya kuhama mtandao bila kubadili nambari, iliyoanza Machi 2017. Tangu hapo 0777 haimaanishi lazima Zantel. Na Zantel yenyewe, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1999, tangu 2024 imeingia pamoja na Tigo katika jina moja la Yas. Anayegawa njia kwa kutazama tarakimu tatu za mwanzo anafuata ramani ya nchi isiyokuwapo tena. Laini moja yenye kifurushi cha mitandao yote inatosha kwa kipande chote cha 0[2-8].

Kuna nambari ambazo haziwezi kupita kwa intaneti hata mtu akitaka kulipa. 0800 haifikiki kutoka nje. Nambari fupi ya huduma kwa wateja, kama 100, ina maana ndani ya mtandao wake tu. Na menyu za fedha, *150*00# na wenzake, hazipiti kwenye adapta kwa njia yoyote. Nyota kwenye simu hizi ni amri ya kifaa chenyewe, ya kuhamisha simu au kurudia nambari ya mwisho. Wafanyakazi waambiwe mapema kwamba malipo yanabaki kwenye simu ya mkononi.

Kuchagua njia ya ujumbe si jambo geni Unguja. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliteremsha waya wa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, na Shangani ikawa kituo. Jengo la ofisi yake leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Watu wa dunia ya telegramu waliweza kuandika kwenye fomu njia wanayoitaka, na maneno Via Eastern yalikuwa amri kwa karani: pitisha huku, tozo ni hii. Baadaye sauti ilipanda kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu ya ikweta, na watu wakajifunza kungoja kidogo kabla ya kujibu. Waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009 na wa EASSy mwaka uliofuata, kungoja huko kulipungua kiasi cha kuifanya simu ya intaneti ivumilike. Adapta imerudisha kwa mwenye nyumba uamuzi ambao kwa miaka mingi ulifanywa na shirika la simu kwa niaba yake.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na haya yote wakati WhatsApp ipo. Wanaouliza hivyo hawana shangazi Muscat. Oman na Falme za Kiarabu zimeyafungia kwa muda mrefu mazungumzo ya sauti ya WhatsApp. Meseji inakwenda, simu haiendi. Familia za Unguja zilizotawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964 zina ndugu Muscat, Dubai na Abu Dhabi, na kila Idi swali ni lilelile, tutawasikiaje. Adapta iliyo Kendwa inapompigia shangazi kwa 968 na tarakimu zake nane, kwake inafika kama simu ya kawaida, kwenye simu yoyote aliyonayo, hata ya mezani, bila programu yoyote upande wake. Njia ya intaneti imeishia kwa kampuni iliyoko nchi nyingine. Kipande cha mwisho kimepita kwenye mtandao wa Oman na kimelipiwa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito ya kuweka kifaa hiki nyumbani, kuliko bei yoyote. Vilevile benki, balozi, mashirika ya ndege na hospitali za Ulaya hujibu nambari za simu, na mgeni aliyeibiwa kadi yake ya benki ufukweni hataokolewa na WhatsApp.

Sheria nayo isisahaulike. Mawasiliano ni jambo la Muungano na TCRA ndiyo yenye mamlaka, visiwani kama bara. Kupiga simu kwa intaneti kutoka nyumbani kwako ni kitu kimoja; kuchukua simu za watu wengine zinazotoka nje ya nchi, ukaziingiza kwenye laini yako ili zionekane za ndani, ni kitu kingine kabisa, na watu wamefikishwa mahakamani kwa hilo. SPA3102 na HT813 zina uwezo wa njia hiyo ya kurudi. Ifungwe. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na atakayetafutwa ni aliyeisajili. Na anayepitisha simu zake ndani ya VPN akumbuke tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo.

Kubwa zaidi kwa mfuko wa mtu ni wizi. Mlango wa SIP, namba 5060, hupapaswa usiku na mchana na programu zinazotafuta kifaa kilichoachwa na nywila ya kiwandani. Mwizi akiingia hapigi simu kwa mama yake. Anapiga nambari za gharama kubwa, za setilaiti kama 881 na 882 au za nchi ambako anagawana mapato na mwenye nambari, simu nyingi kwa pamoja, hasa usiku wa mwisho wa wiki. Nywila ibadilishwe, ukurasa wa kifaa usionekane kutoka nje, na akaunti ya kampuni ya simu iwe ya kulipia kabla, na salio dogo. Ngao nyingine imo kwenye mstari uleule: badala ya [1-9] baada ya 000 na [1-4789] baada ya 00, ziandikwe nchi zinazopigwa kweli, 39, 44, 49, 33, 968, 971, na nyingine zikataliwe. Angalizo: orodha nyingi za kigeni za nchi za kuzuia huiweka Komoro, 269, miongoni mwa za hatari. Unguja ina watu wenye ndugu Ngazija. Orodha ya kuzuia isinakiliwe kutoka kwa mtu asiyejua nani anaishi kwenye nyumba hiyo.

Nimeiweka dharura mwisho ingawa ndiyo ya kwanza kwenye mstari. Kampuni ya SIP ya nje ikipelekewa 112, ama itaitupa ama itaifikisha kwa polisi wa nchi yake. Hakuna linalomsaidia mtu anayezama Kendwa. Halafu kuna umeme. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 takriban miezi mitatu, kwa hitilafu za njia ya umeme kutoka bara. Waya mpya wa megawati 100 uliowashwa 2013 umepunguza hofu hiyo, na ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, haikati kama zamani, ila adapta hufa sekunde ileile umeme unapokatika, pamoja na ruta na faiba. SPA3102 ina tabia njema ya kuiunganisha simu moja kwa moja na laini yake inapokosa umeme, jambo lenye faida ikiwa laini hiyo ni ya shaba inayojiletea umeme wake. Shaba inapungua, shirika la simu la TTCL sasa linauza faiba hadi mlangoni, na simu ya mezani inayokuja juu ya faiba inazimika kama nyingine. Basi laini inayoandikiwa @gw0 kwa 112 na iwe ya kifaa cha simu ya mkononi chenye betri yake, kikae mapokezi mahali kila mtu anapoweza kukishika, na kijaribiwe kila mwezi kwa kuzima swichi kuu na kumpigia jirani.